Msalimie Shafti Kwanza

Mjomba Shamsudin alipanda mlima Kitonga na lori la mzigo miaka ishirini na mbili, na hakuna mtu Igowole ambaye hajaambiwa. Ukimpa chai anakwambia. Ukimpa pole ya mafua anakwambia. Kwa hiyo aliponunua trekta ya mtumba na mashine ya kupukuchua mahindi, nikamwambia, "Mjomba, klachi ya trekta siyo ya lori," akacheka mpaka akashikilia mlango.

"We Abdul unifundishe klachi mimi? Chuo chenyewe cha Mbeya umekiacha nusu. Injinia Nusu!"

Jina likanasa siku ile ile. Nadhani hata kuku wa jirani walikuwa wananiita hivyo.

Nakiri kosa la kutoaminiwa lilikuwa langu. Wiki moja kabla ya kazi ya kwanza nilimwambia maji yanayowekwa kwenye matairi ya nyuma ya trekta kuongeza uzito yameoza, yanatakiwa yabadilishwe kila mwezi. Uongo mtupu, na nikaapa wallahi kabisa. Mjomba akafungua valvu, akakinga kikombe, akanusa, akasema, "Kweli bwana, yana harufu." Mama Evarista, mwenye mahindi tuliyokuwa tunaenda kuyapukuchua, alicheka mpaka akakaa kwenye matope na kitenge kipya.

Sasa nina jambo la kweli, nani atanisikiliza?

Jambo lenyewe hili. Nyuma ya trekta kuna chuma kinachozunguka, ndiyo pitio. Hapo unachomeka shafti ndefu inayoenda kuzungusha mashine. Shafti inatakiwa ivae kava. Ya mjomba haikuvaa kitu, aliyemuuzia alimwambia kava ni urembo tu. Basi shafti iko uchi, mizunguko mia tano na arobaini kwa dakika, na mjomba ana koti.

Lile koti! Baridi ya Mufindi unaijua, ukungu wa asubuhi unaingia mpaka kwenye soksi. Mjomba alipata koti la mtumba linalofika kwenye vifundo vya miguu, na mkanda wake unaning'inia nyuma kama mkia wa ndama. Na koti hilo hilo analikunja kidogo, anairuka shafti kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa sababu eti kuzungukia mbele ya trekta ni mbali.

Halafu klachi. Ile ya trekta yake ina hatua mbili. Ukikanyaga mpaka katikati, matairi yanakatwa, trekta inasimama, lakini pitio inaendelea na shughuli zake. Mpaka uzamishe mguu chini kabisa ndiyo na yenyewe inakatwa. Sasa mguu wa mjomba haujui chini. Miaka ishirini na mbili ya kubalansi klachi kwenye foleni ya Kitonga, mguu ule ukikuta katikati unapiga kambi. Mwamshe usingizini, utaukuta nusu klachi.

Kwa hiyo kila akitaka kuitoa pitio kwa gia yake, inalia *kwaarrr!* Badala ya kuulaumu mguu, akailaumu gia. "Hii gia mbovu, mtumba huu, tuiache hapo hapo ilipo." Ikaachwa ndani moja kwa moja. Yaani injini ikiwaka tu, shafti inazunguka.

Ndiyo tukafika uwanjani kwa Mama Evarista. Mashine ilikuwa bado haijafungwa mkanda wa kuizungusha, kwa hiyo iko kimya, trekta peke yake inanguruma. Mjomba akairudisha trekta nyuma kidogo ikae sawa, akakanyaga nusu yake, akaweka gia fri, akashuka. Shafti inaenda kasi, laini, mpaka ukiitazama unadhani imetulia. Akakunja koti. Anataka kuruka.

"Mjomba! Shafti inazunguka!"

"Niko fri."

"Yaliyo fri ni matairi! Pitio ina gia yake!"

Akageuka taratibu. "Abdul. Trekta imesimama au haijasimama?"

"Trekta imesimama. Shafti haijasimama. Wallahi mjomba."

"Wallahi ya leo, au ile ya maji?"

Mama Evarista akaangua kicheko. Utani wangu wote wa miaka umenigeukia. Nikaona hapa ukweli mtupu hautafika, labda niuvalishe utani.

"Haya mjomba. Kama imesimama, vua koti ulitundike juu yake. Likibaki limening'inia, naenda kuogesha ng'ombe wote wa Mama Evarista, na maji ya baridi, nikiwa nimevaa kitenge chake."

"Na niwapake mafuta?" akauliza Mama Evarista.

"Uwapake na poda."

Mjomba huwa hawezi kukataa dau. Akavua koti, akanirushia. "Tundika. Ukimaliza tundika na akili yako ikauke."

Nikawarudisha wote nyuma hatua kumi. Nikalikusanya koti, nikalirusha kutoka huko huko mbali.

Halikuning'inia. Mkia ule wa ndama uligusa tu, na koti likaenda. Hata kusema "ah" hatukuwahi. Mikono ya koti ikapiga makofi hewani, pa pa pa pa, kama mtu anayeaga, kifungo kikaruka kikaenda kugonga sufuria ya chai, *ting!* Nilipozunguka mbele na kuzima injini, koti la vifundoni lilikuwa limebaki fundo, dogo kama andazi.

Mjomba anaangalia andazi lake.

"Mimi ningekuwa ndani," akasema.

"Na ndani ya andazi hamna nafasi," akasema Mama Evarista, sauti inatetemeka. Tukatazamana wote watatu, halafu kikatutoka kicheko kile cha mtu aliyenusurika, kile kinachouma mbavu na kukutoa machozi. Mjomba alinikumbatia akanipiga kofi la mgongo, sijui lipi lilikuwa shukrani.

Tulipokata lile andazi na kuichomoa shafti kabisa, likaja somo. Nilichukua parachichi bivu nikaliweka chini ya pedali ya klachi. "Kanyaga mpaka lipasuke."

Akakanyaga, mguu ukapiga kambi katikati. Parachichi zima. "Chini, mjomba! Hapa siyo Kitonga, nyuma yako hakuna lori!" Akakaza meno, *pwaa*, parachichi likamfika kwenye magoti. Hapo, injini ikiwa inawaka, akavuta gia ya pitio. Ikatoka laini, hata haikukohoa.

"Kumbe gia nzima!"

"Gia nzima. Mguu ndiyo mtumba."

Mahindi yalisubiri siku mbili mpaka kava likapatikana Mafinga. Siku ya kazi mjomba akakanyaga mpaka chini, akatoa pitio, akazima injini, funguo mfukoni. Vizuri sana. Ila akashuka mbio mbio anaenda kwenye mashine, na shafti ilikuwa bado inajimalizia mizunguko. Mama Evarista akasimama mbele yake.

"Mzee Shamsu, hujanisalimia tangu asubuhi. Kamwene."

"Kamwene, mama."

Salamu ya Kihehe siyo ya kupita. Nyumbani wazima? Wazima. Watoto? Wapo. Ng'ombe? Anakula. Mvua kwenu? Baridi? Na yule aliyekuwa anaumwa jino? Walipofika kwenye jino, shafti ilikuwa imesimama kimya, haina hata mtikisiko.

Ikawa sheria. Mpaka chini, toa, zima, funguo mfukoni, halafu isalimie shafti salamu nzima, mpaka kwenye jino. Wageni wakipita wanamkuta mzee mzima ameinama anauliza chuma habari za ng'ombe.

Juzi alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. "Kamwene," akaiambia shafti. Mimi nimejificha nyuma ya mashine, nikaitikia kwa sauti nzito ya chumani: "Kaaamwene."

Mjomba aliruka nyuma hatua tano, kofia huku, kandambili kule. Halafu akanigundua.

"Injinia Nusuuu! Leo nakumaliza!"

Shafti ilikuwa imelala, ina kava, funguo ziko mfukoni mwake, na mimi niko upande wa pili, mkono wake tu haunifikii. Angeruka angenikamata. Hakuruka. Alizungukia mbele ya trekta, ile njia ndefu, anatukana njia nzima, na hivyo ndivyo nilivyopata muda wa kukimbia.