Majibu ya Watoto wa Nyarugusu

"Daktari, mashine haijakosea. Tumerudia mara tatu."

Athanas, mkuu wa maabara, aliweka karatasi mezani na kubaki amesimama. Dkt. Sesilia Masele, mkurugenzi mkuu wa taasisi ya utafiti wa afya, alivaa miwani. Watoto sitini wa mtaa mmoja wa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, walikuwa wamepimwa mkojo. Arobaini na mmoja walikutwa na zebaki kupita kiwango cha hatari, na wengi wao hawajawahi kukanyaga machimbo.

"Haiwezekani," alisema. "Nyarugusu tulishaisafisha."

Nyarugusu ndiyo iliyomfikisha kwenye kiti kile. Miaka kumi na mitano nyuma, akiwa mtafiti kijana, alizunguka kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu akiwasihi watu waache kuchomea mtoni dhahabu iliyonaswa kwa zebaki, kwa kuwa zebaki hiyo ilikuwa inaingia kwenye maji. Walimsikia. Maji yalipopimwa tena yakaonekana salama. Akapewa tuzo, akapanda cheo, akapanda tena.

Wiki hiyohiyo alishuka uwanja wa ndege wa Ibadakuli, akapanda gari kupitia Bulyanhulu hadi Nyarugusu. Aliomba aonane na mzazi wa mtoto aliyekutwa na zebaki kuzidi wenzake wote. Muuguzi wa zahanati akaenda kuomba ruhusa, akarudi kumchukua.

"Mwangaluka, daktari wetu!" Mwanamke alitoka ndani akimsalimu kwa Kisukuma huku akicheka. "Umenisahau? Mimi Limi, niliyekuwa mwenyekiti wa kinamama kule mwaloni."

Binti yake, Loveness, mwenye miaka tisa, alisema shikamoo na kumletea mgeni maji. Kikombe kilimtetemeka mkononi hadi nusu yake ikamwagika.

"Tangu lini, Mama Loveness?"

"Mwaka wa tatu sasa. Mwalimu anasema mwandiko wake hausomeki. Kwa mganga tumeenda, kanisani tumeombewa."

"Nionyeshe mnapochomea dhahabu."

Limi akampeleka jikoni. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Sufuria ya ugali ilikuwa juu ya mafiga, na pembeni yake kikaango kidogo cheusi.

"Mnachomea hapa? Humu ndani?"

"Mtaa mzima tunachomea jikoni."

"Nani aliwaambia?"

"Si wewe?" Limi alisema bila hasira, kama anayemkumbusha ndugu. "Ulitukataza mtoni. Nikakuuliza, sasa tukachomee wapi? Ukasema popote, mradi mbali na maji. Sisi mbali na maji ni nyumbani."

Sesilia alishika ukuta. Alilikumbuka swali lile. Alikuwa ameshapanda gari, akalijibu dirishani huku dereva akiwasha injini. Katika ripoti yake nzima hakuandika hata sentensi moja kuhusu mahali pa kuchomea. Akakaa chini kwenye majivu na suti yake.

"Daktari! Una nini?" Limi alimwinamia. Kisha akakiangalia kikaango. "Ni moshi?"

"Ni moshi wa zebaki, mama. Nilipaswa kuwaambia."

Limi hakulia. Alikichukua kikaango kwa ncha za kanga, akatoka nacho hadi chooni, akakitumbukiza shimoni. Kisha akamkumbatia mwanawe kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

Jioni, baada ya kupewa taarifa, mwenyekiti wa bodi ya taasisi alipiga simu. "Andika kwenye ripoti kwamba wananchi walielewa vibaya."

"Walielewa nilichosema," Sesilia alijibu. "Nilisema vibaya."

Kesho yake alisimama mbele ya mkutano wa mtaa akaeleza yote, na kosa akaliita lake. Mzee mmoja, Bujiku, alimshika mjukuu wake mkono akaondoka.

Mwezi uliofuata mahali pa kuchomea palijengwa nje ya makazi, pakiwa na vyombo vya chuma vinavyonasa mvuke wa zebaki. Watoto walianza matibabu. Ripoti mpya ilitoka ikiwa na jina lake na kosa lake ukurasa wa kwanza, na kabla ya mwaka kwisha bodi ilimwondoa kwenye ukurugenzi.

Alihamia Geita akiwa mtafiti wa kawaida. Mkono wa Loveness umetulia kiasi, ingawa bado hawezi kutunga shanga. Watoto sita wengine hawajapata nafuu yoyote, na kila mwezi Sesilia hubisha hodi kwao mwenyewe.