Wiki ya Kimbunga

Jumapili ile wimbo ulipigwa mpaka mwisho, tangazo la sabuni likapita, na Crisanto hakupiga simu. Kupitia ukuta wa mbao unaotenganisha duka langu na sebule ya dada Herminia, nilimsikia akipunguza sauti ya redio, akaiongeza, akaipunguza tena, utadhani redio ndiyo yenye makosa. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake cha mwanzi, nywele amezichana, midomo ameipaka rangi kidogo, simu imelala mapajani.

"Kaka Santo leo kapitiwa na usingizi," alisema Bong, mtangazaji, akicheka. "Na asipoanza yeye, dada Herminia naye haanzi. Haya wapenzi wasikilizaji, tusonge mbele."

Kwetu Iloilo, mji wa Ufilipino, Jumapili ni siku ya nyimbo za zamani. Hata vituo vinavyopiga kelele za vijana juma zima, siku hiyo hurudi nyuma, na mji mzima hufua nguo na kukaanga samaki huku ukiimba nyimbo zilizotoka kabla nusu yake haijazaliwa. Kila Bong alipopiga "Jumanne Nitakusahau", wimbo wa Santo na Minia, watu waliacha kufua kidogo, maana walijua kinachofuata. Crisanto Villaruz, ambaye ndiye Santo, angepiga simu kutoka mtaa wa Molo na kusema, "Asante Bong kwa kutupigia wimbo wetu ulioshika namba moja." Kabla hajakata vizuri, Herminia Gallego, ambaye ndiye Minia, angepiga kutoka hapa Jaro: "Msahihishe huyo mzee, Bong. Namba mbili."

Basi. Hawakuongeza neno. Mabishano hayo yalikuwapo kabla sijaolewa mtaa huu, na sijawahi kuyachoka.

Kisa chenyewe kila mtu hapa anakijua. Zamani hizo kituo kilikuwa na chati yake, iliyosomwa kila Jumamosi mchana kwa kuhesabu simu za wasikilizaji na santuri zilizouzwa madukani mjini. "Jumanne Nitakusahau" uliingia ukiwa wa mwisho kabisa, watu wakaucheka kwa jina lake. Kisha ukaanza kupanda. Ulipanda mpaka wa pili, na hapo ukakwama chini ya wimbo mmoja wa disko wa kigeni ambao hakuna aliyeelewa maneno yake na hakuna ambaye hakuuimba. Wiki zikapita. Wimbo wa kigeni ukaanza kuchosha watu, santuri za Santo na Minia zikaisha madukani, na ikawa wazi kwamba Jumamosi inayofuata kiti ni chao. Herminia alishona gauni jipya la kwenda kusikilizia matokeo pale kituoni.

Ijumaa yake kikaja kimbunga. Kiling'oa mapaa, kikaangusha mnara wa redio, kikakata umeme wa mkoa mzima. Jumamosi ile chati haikusomwa. Kituo kiliporudi hewani, vijana fulani wa Manila walikuwa wameshatoa wimbo wao na kukaa juu kabisa, na "Jumanne" ulikuwa wa nne. Haukupanda tena.

"Wiki ya kimbunga ilikuwa yetu," Crisanto alisema maisha yake yote. "Hesabu zilikuwa tayari. Kilichokosekana ni umeme tu."

"Chati isiyosomwa si chati," Herminia alijibu maisha yake yote.

Walitarajiwa kuoana, hilo nalo kila mtu analijua. Crisanto akamwoa muuguzi. Herminia hakuolewa na yeyote; akafundisha muziki shuleni mpaka alipostaafu, na watu wakasema anamngoja, na yeye akasema watu hawana kazi. Mke wa Crisanto alipofariki, mimi nikaona mwanya. Nikamwambia, "Dada, Molo si mbali. Mwambie aje anywe kahawa."

"Aje afanye nini?" akanijibu. "Tukionana tutasalimiana. Tukisalimiana tutaulizana dawa za presha. Simu ya redio inanitosha."

Nilimwona mkaidi. Kwangu kuna mume, watoto, wajukuu, na mbwa watatu wasio na adabu. Sikujua bado kwamba mtu anaweza kuishi juma zima kwa sentensi moja. Nasema hivi sasa kwa aibu kidogo.

Jumapili hiyo, baada ya nyimbo nyingine mbili, Bong alirudi hewani na sauti nyingine kabisa. Alisema amepokea ujumbe kutoka Molo. Kaka Santo hakuwa amelala. Alikuwa amefariki usiku uliopita, kitandani mwake, bila kumsumbua mtu. Upande wa pili wa ukuta redio ikazimwa. Sikuwahi kusikia nyumba ile ikiwa kimya siku ya Jumapili. Niliacha wateja dukani nikazunguka hadi mlango wa mbele.

Alikuwa bado na simu mapajani. "Ameniachia zamu, Charito," alisema. "Ameniachia zamu na yeye hajasema lake. Sasa mimi nimpinge nani?"

Nilimshika mkono.

Mazishi yalisubiri binti wa Crisanto atoke Dubai. Siku moja kabla ya kuzika, mchana, Dado mume wangu alitupeleka Molo kwa bajaji yake. Nje ya nyumba ya msiba walikuwa wametundika bango kubwa: picha ya Crisanto kijana, gitaa kifuani, na chini yake, "Mwimbaji wa Wimbo Ulioshika Namba Moja". Picha ilitolewa kwenye jalada la santuri. Upande mmoja walikuwa wameikata, ila begani mwake ulibaki mkono wa kike, uliokomea kwenye kiwiko.

Herminia alisimama akiutazama. "Mkono wangu huo," alisema. "Shukuru Mungu wameniachia saa yangu."

Ndani, wanaume walicheza karata kando ya ukuta, wanawake wakagawa biskuti, karanga na kahawa. Alisogea mpaka kwenye jeneza, akamtazama Crisanto kupitia kioo. Nilidhani atalia. Alichofanya ni kunyoosha kitambaa cha mezani kilichokuwa kimejikunja pale pembeni, akakinyoosha tena ingawa kilikuwa tayari kimenyooka.

Maricel, yule binti, akamvuta kwenye korido ya jikoni. Nikawafuata, mimi si mtu wa kuachwa nyuma.

"Shangazi, nina ombi," alisema. Macho yalikuwa yamevimba kwa safari na kilio. "Jioni hii watu watamzungumzia baba. Bong atakupa maikrofoni. Sema namba moja. Leo tu."

"Baba yako ndiye aliyetaka hivyo?"

"Baba hakutaka kitu. Tangu mama afariki alikuwa hasemi na mtu siku nzima. Nikimpigia kwa video Jumatano, ana ndevu. Ijumaa, ndevu. Jumapili asubuhi nampigia, amenyoa, amevaa shati la kola, ananiambia, 'Kata mwanangu, kata, wimbo unakaribia.'" Akajifuta pua kwa kiganja. "Nyie mlikuwa mnabishana tu. Lakini alikuwa akivaa shati, shangazi."

Herminia aliushika mlango wa jikoni. Nilimwona akiirudia ile habari ya shati moyoni, taratibu, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa.

"Nikikubali," alisema hatimaye, "mabishano yanaisha."

"Shangazi, baba amekufa. Yameshaisha."

Maricel aliitwa kupokea wageni, nasi tukabaki na harufu ya kahawa. Nikaona nimsaidie binti wa watu.

"Dada, neno moja tu. Linakupunguzia nini? Bango limeshaandikwa, watu wameshaamini. Nani atakulaumu?"

"Hakuna," alisema. "Ndiyo maana naogopa. Nikisema namba moja, watapiga makofi, watakunywa kahawa, wataenda makwao. Na mimi nitakwenda kwangu nikiwa sina deni na mtu wala mtu hana deni na mimi. Unajua nyumba yangu ilivyo Jumatatu, Charito?"

Nilijua. Ukuta ule ni mbao nyembamba. Siku za Jumatatu mimi husikia kijiko chake kimoja kikigonga kikombe kimoja.

Jua lilipopungua ukali, kasisi aliomba, kisha Bong akashika maikrofoni. Kwa macho ni mtu mfupi, mnene, asiyefanana hata kidogo na sauti yake. Alisimulia vichekesho viwili vya Crisanto, akaimba kipande cha "Jumanne", watu wakamwitikia, hata wacheza karata wakaweka karata chini. Akasema, "Na sasa, wale tuliozoea kuwasikia wawili, tumsikie aliyebaki." Kila mtu akageuka. Wengine walishaanza kutabasamu, maana mji ulikuwa umekuja kusikiliza jibu.

Herminia alikwenda mbele kwa miguu yake mwenyewe, akakataa mkono wa Bong. Alishika maikrofoni kama walivyoishika waimbaji wa enzi zake, mbali kidogo na mdomo.

"Crisanto aliimba vizuri kuliko mimi," alianza. "Ubeti wa pili alikuwa anakosea kila mara, anaingia mapema. Kwenye santuri mnayoisikia, pale anapovuta pumzi, nilikuwa nimemkanyaga mguu asiingie." Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo. Akamtazama Maricel, aliyekuwa ameketi mbele na mikono imefumbatana, anamsihi kwa macho. Nilitaka aseme lile neno, nilitaka kabisa, msiba ule uishe kwa amani na sote tukale.

"Wimbo wetu," alisema Herminia, "ulifika namba mbili."

Mama mmoja nyuma yangu akasonya. Vijana wakacheka kwa sauti, wakadhani ni mzaha uleule wa redioni. Maricel akafunika uso. Lakini Herminia hakuwa amemaliza. Aligeukia jeneza, akanyoosha mkono, na maikrofoni akaielekeza kule, kama mwimbaji anavyompelekea mwenzake zamu yake jukwaani.

Akangoja.

Kicheko kikafa kidogokidogo. Feni ikanguruma. Mtoto akauliza kitu na kunyamazishwa. Mkono ule ulianza kushuka kwa uzito, akauinua tena, uso wake umetulia, umeinama upande mmoja kama wa mtu anayesikiliza simu yenye mawimbi mabaya. Hatimaye Bong akasogea, akaichukua maikrofoni taratibu kutoka mkononi mwake, akaizima.

Tuliondoka bila kusindikizwa. Kwetu wafiwa hawamsindikizi mgeni mlangoni, kwa hiyo hatukuweza kujua kama Maricel amekasirika au anafuata tu desturi. Alikaa ametugeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Dado hakuuliza njia. Aliendesha mpaka La Paz, akapunguza mwendo mbele ya kibanda cha supu ya tambi, akazima injini. Mtu akitoka msibani haendi kwake moja kwa moja. Hupita mahali kwanza, anywe hata kahawa, ili marehemu aliyemfuata apoteze njia asimwingilie nyumbani. Hilo hata watoto wetu wanalijua. Nilishuka, nikatikisa sketi yangu vizuri, nikageuka kumpa Herminia mkono.

Hakusogea. "Washa, Dado," alisema.

"Dada, supu kidogo tu," nikasema. "Hata usipokula. Keti tu."

"Sina njaa."

"Nani kazungumzia njaa? Unajua maana yake! Usifanye mchezo na mambo haya, atakufuata huyo!"

Alinitazama. Midomo ilikuwa bado na ile rangi, imefifia katikati. "Hajanijibu, Charito," alisema. "Miaka yote hiyo hajawahi kukosa kunijibu."

Dado aligeuka akanitazama, mimi nikamtazama Dado. Nina wajukuu nyumbani, na mimi ni mtu wa kurudi nyuma paka mweusi akinikatia njia. Nikamwambia Herminia hivyo. Akaniambia basi mimi na Dado tubaki tule, yeye atapanda bajaji nyingine. Alisema bila hasira, tayari anatafuta mkoba wake chini ya miguu. Harufu ya supu ilitujaa puani, na mwenye kibanda alikuwa ameshatupangia viti vitatu.

Nikarudi ndani ya bajaji. Tulikubaliana, mimi na Dado, bila kusema: tumfikishe, kisha tugeuze na kurudi La Paz sisi wawili. Njia nzima nilikaa pembezoni kabisa, na ninakiri kwamba niliacha nafasi kati yangu na yeye, na sikuikalia hata kona zilipotusukuma.

Kwake alishuka mwenyewe. Alifungua mlango, mbawa zote mbili, jambo ambalo hulifanya tu wakati wa kuingiza fanicha. Lakini hakuingia. Alisimama kando ya kizingiti, mgongo ameuegemeza kwenye ubao, akapisha. Alikuwa anatazama barazani, pale patupu kati ya bajaji na mlango, na macho yake yalisogea polepole, kwa mwendo wa mtu mzima.

"Taratibu," nilimsikia akisema. "Hapo pana ngazi."

Kisha naye akaingia, nyuma yake, akafunga.