Piko ya Najma

Sista Kasiva ana mdomo, na yeye mwenyewe anajua. Miaka kumi na mmoja katika wodi ya watoto mahututi mjini Kitui imemfunza kwamba ukizoea kunyamaza kwa adabu, iko siku utanyamaza mtoto akiumia. Kwa hivyo yeye husema.

Asubuhi hiyo hakuwa amevua hata sweta aliposikia mashine ya kitanda cha tatu ikilia. Kitanda cha Najma, wa miaka minne, aliyeletwa kutoka Matinyani juzi na nimonia kali, siku moja tu baada ya harusi ya shangazi yake. Daktari Mulwa, kijana mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alikuwa ameshafika na sindano yake ya usingizi. Mashine ilionyesha oksijeni ya mtoto ni asilimia sabini na tisa. Saa moja nyuma ilikuwa tisini na nne.

"Tunamlaza, tunamtia mpira kooni, mashine impumulie," alisema Mulwa. "Mama, weka sahihi hapa."

Zulekha, mamake Najma, alipokea kalamu. "Daktari, akilala, ataamka?"

Mulwa alimsogezea fomu. Kasiva alilijua jibu. Ule mpira umeokoa watoto wengi waliouhitaji. Asiyeuhitaji unamtia hatarini bure, na wengine hawaamki.

"Ngoja kwanza," alisema Kasiva.

"Sista, hatuna muda. Si unaona mashine?"

"Mashine nimeiona. Mtoto je, umemwona?"

Wauguzi wawili waligeuka kutazama. Shauri yao! Wanafunzi wote waliopita mikononi mwake huwaambia lile lile: mashine ikilia, anza na mtoto. Akafunua blanketi. Kifua kilipanda na kushuka vizuri, mbavu hazikuvutwa ndani kama juzi. Ulimi ulikuwa mwekundu, miguu ina joto. Mtoto mwenye oksijeni ya sabini na tisa hawi hivi. Hata hivyo aliogopa, maana akikosea yeye, atakayeumia ni Najma.

"Nani alihamisha klipu ya kupima oksijeni?"

"Ni mimi," alisema Nthenya, muuguzi mwanafunzi, kwa sauti ndogo. "Ulituambia isikae mahali pamoja, inachubua. Ilikuwa kwa kidole cha mguu, nikaileta mkononi."

Kasiva akainua ule mkono mdogo. Ala! Vidole vyote vitano vilikuwa vimepakwa piko, ile rangi ya urembo wa harusi, nyeusi tititi, kuanzia ukucha hadi kiungo cha kwanza. Na ile klipu husoma damu kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Kwa giza lile ingesoma nini jamani?

Aliitoa, akaibana kwenye sikio la mtoto. Nambari zikapotea zote, vikabaki vistari vitupu. "Ya Rabi, ya Rabi," Zulekha alianza. Mulwa akasogea na sindano. Kasiva alijikaza asibanduke pale, akaomba moyoni jinsi wanavyoomba kwao kanisani.

Tisini na tano.

Mulwa alirudisha sindano kwenye trei polepole. "Nilikuwa karibu kumdunga, Sista."

"Karibu tu, daktari. Leo nabandika tangazo ukutani: klipu haiwekwi kwa kidole kilichopakwa kitu. Na Nthenya, kuhamisha hukukosea. Ila ukihamisha na nambari zianguke papo hapo, rudi uangalie ulipoiweka."

Zulekha alibubujikwa na machozi. "Nilimpaka mimi, Sista. Alinisumbua, anataka kama ya bibi harusi. Haki ningemuua mtoto wangu kwa urembo!" Alichovya ncha ya leso kwenye maji, akaanza kusugua vile vidole kwa nguvu zake zote.

"Wacha, Mama Najma. Hiyo haitoki leo, na hujakosea chochote. Kaa hapa umshike mkono. Unamjua kuliko sisi, ukiona anapumua vingine, usingoje mashine. Niite."

Kule kusuguliwa kulimwamsha Najma. Alitazama leso, akatazama vidole vyake, akakunja uso.

"Mama," alinong'ona, neno lake la kwanza tangu aletwe, "unaniharibia piko."

Kasiva, na mdomo wake wote, alikosa la kusema. Aligeukia dirishani, akajifuta macho kwa mkono wa sweta ambayo bado hakuwa ameivua.