Mistari ya Chokaa

Ndoo ya kwanza niliimwaga mgeni rasmi akiwa bado anafunga kifungo cha koti kando ya gari lake. Maji yakatandaa juu ya mistari myeupe ya kivuko, nami nikainama na ufagio nikasugua, kanga kiunoni.

"Mama Sikudhani, unatutia aibu!" akafoka Octavian, mhandisi wa mradi.

Aibu! Huyo huyo ndiye aliyesimama palepale mwaka uliotangulia, mbele ya shule yetu ya Makutupora, akawaambia watoto: mkiona mistari hii, nyoosheni mkono, vukeni, gari litasimama. Tukampigia makofi. Sikudhani wangu, wa darasa la pili, akarudi nyumbani kutufundisha wote kuvuka sebule, hata bibi yake.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilinyesha usiku mmoja tu. Asubuhi mistari haikuwepo, na mtaro umejaa maji meupe. Walitupakia chokaa, jamani. Chokaa ya kupaka kuta! Mwalimu mkuu akaenda mjini kulalamika, akaambiwa asubiri bajeti. Mwanangu hakujua habari za bajeti. Alivukia palepale alipofundishwa, mkono juu.

"Sikuona alama yoyote, mama," dereva aliyemgonga aliniambia msibani, huku analia. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alama kweli haikuwepo.

Na sasa walikuwa wamerudi kuzindua mpango wa mkoa wa kupunguza ajali. Jioni ya kuamkia sherehe niliwakuta vibarua wakikoroga ndoo zao kando ya barabara. Nikachovya kidole, nikanusa. Chokaa tena.

"Unaharibu mali ya umma," Octavian akasema, safari hii kwa sauti ya chini, maana mgeni alikuwa ameshatufikia.

"Mali gani hiyo inayotoka kwa ufagio?"

Nikamwaga ndoo ya pili. Maji meupe yakapita juu ya viatu vya mgeni, yakaingia mtaroni. Ng'ambo, watoto waliopangwa kuvuka mbele ya kamera walikuwa wameshanyoosha mikono. Wakaitazama lami, nyeusi tii.

"Mama Siku," akaita Zipora, aliyekuwa akikaa dawati moja na mwanangu, "sasa tuvukie wapi?"

Nikanyoosha mgongo.

"Mwulize mheshimiwa," nikamwambia.

Mheshimiwa alikuwa anatazama viatu vyake.