Siku ya Nne Baada ya Dawa

Kapinga alikula bukari ya jana, ugali uliopoa, matonge matatu madogo. Bukari ya moto ina mvuke, na mvuke humchafua roho. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza tumboni mwake. Leo ilikuwa siku ya nne tangu atiwe mshipani dawa ya kansa ya titi, mara ya tatu sasa, huko Lubumbashi. Kidonge cha kuzuia kutapika alikuwa amekimeza mapema, na kipande cha tangawizi kilikuwa shavuni. Mumewe, Gamaliel, alikuwa amehamishia mbabula, jiko la makaa, nyuma ya nyumba ili harufu ya kitunguu isiingie ndani.

"Ubaki," Gamaliel alimwambia. "Minyi mwenyewe ntaenda ku shule, nibaelezee."

"Banahesabu mwalimu. Habahesabu bwana ya mwalimu."

Kapinga alisema kweli. Siku ya kontroli, walimu wanapohesabiwa kwa ajili ya mshahara, kila mwalimu husimama mwenyewe mbele ya meza ya mkaguzi, na anayetoka kwenye mstari anarudi mwisho. Tena mkaguzi akikuona dhaifu, anaandika "malade", mgonjwa, pembeni ya jina lako, na jina linapelekwa kwenye kamati. Mwalimu Mputu aliandikwa hivyo mwaka juzi kwa ajili ya mguu tu. Mshahara wake ulisimamishwa siku ile ile, na kamati haijakaa hata leo. Kapinga bila mshahara hana dawa ya nne. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua ndoo ndogo yenye kifuniko, akatia majivu chini ili kuua harufu, akaenda.

Mstari ulizunguka uwanja wa shule. Alisimama penye upepo, akinywa maji funda moja moja, akipumua polepole kwa mdomo. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Tumbo lilijaribu kupanda, akalituliza kwa tangawizi. Akajisifu kimoyomoyo, na alistahili.

Walibaki watu wawili mbele yake mkaguzi alipoletewa chakula. Samaki wa Kinkondja, mkavu, aliyekaangwa kwa mafuta ya mawese. Watu wamesimama tangu alfajiri, naye anakula juu ya majina yao. Kapinga aligeuza uso, akafunga pua, akahesabu mabati ya paa. Zamu yake ikafika. Akasema jina lake lote, kwa sauti ya darasani.

Kisha akafungua ndoo, akatapika.

Alipangusa mdomo, akafunika ndoo, akanyooka. Aliona aibu, aibu kweli, na chini ya aibu aliona hasira, na hasira ilikuwa na nguvu zaidi. Mkaguzi alikuwa ameshashika kalamu na kuandika herufi mbili za kwanza za "malade".

"Mama, weye iko malade. Kamati njo itaona."

Kapinga aliweka kidole juu ya karatasi, kando ya sahani.

"Soma apa juu. Iko 'présent', iko 'absent'. Kutapika haiko."

"Ni observation tu, mama."

"Minyi niko mbele yako. Jana nilifundisha darasa ya tano, kesho ntafundisha. Futa ile, uandike présent. Siondoke apa."

Hakupaza sauti. Mkaguzi aliangalia ndoo, akaangalia samaki wake, akaangalia mstari mrefu uliokuwa sasa umesogea karibu. Akafuta. Akaandika "présent", yupo. Kapinga alilisoma neno hilo mara mbili kabla ya kutia sahihi, maana watu hawa anawajua.

Nyuma yake alikuwa mzee Kisimba wa darasa la sita, ambaye alikuwa amesimama asubuhi nzima na mkono wa kuume mfukoni kwa sababu unatetemeka, naye alihofia kuonekana. Alisogea mezani. Akautoa mkono, akauweka juu ya karatasi, ukitetemeka mbele ya watu wote.

"Kisimba," alisema. "Présent."