Faili Lisilotoboa

Lori la mihogo lilikuwa limeshaipita zahanati ya kijiji na linakata kona, lakini Mwanahalima alikuwa bado anagombana na watu walioachwa nyuma. Alikaa juu ya magunia, uso kaugeuzia kijijini. Sikuzani, mke wa mwanawe, alikaa nyuma ya mgongo wake, na kupitia matundu yaliyokuwa mwilini mwa mama mkwe wake aliiona zahanati ikipungua, kisha mti wa bendera, kisha vumbi tupu.

"Mwambieni mwenyekiti," alipiga kelele Mwanahalima, "mbuzi wake akiingia tena kwenye kisamvu changu, namla! Namla na kamba yake!"

"Nenda zako bibi wewe!" alijibu jirani yao Isihaka kutoka kando ya njia. "Wakikutoboa tena huko, uniletee mimi hayo matundu, nimebakiwa na nafasi!"

Isihaka alikuwa ameiandikia ofisi barua mara moja tu. Alikuwa na matundu mawili ya mviringo kwenye nyonga ya kushoto, na kwa kuwa mwaka ule wa themanini mikanda haikupatikana madukani, alipitisha humo kamba ya kufungia suruali. Hakulalamika.

Mwanahalima yeye alikuwa ameandika sana. Mwaka wa sabini na nne waliondolewa mashambani, huko ndani Kibuta, wakaletwa kando ya barabara wakae pamoja. Kukaa pamoja hakukumuudhi, maana alipenda watu wa kugombana nao. Kilichomuudhi ni kukatazwa kulala kule kwake shambani. Aliruhusiwa kwenda mchana, akaokota korosho walizobakisha nguruwe pori, akafagia kaburi la mumewe Mwishehe, na magharibi mgambo wakamrudisha. Akaomba kibali cha kurudi kukaa kwake. Ombi likapelekwa Kibaha, Ofisi ya Kumbukumbu za Makazi, likatobolewa pembeni, likafungwa kwenye jalada. Siku hiyohiyo, akiwa anachambua mchicha, Mwanahalima akapata matundu mawili nyongani, kwa mbele hadi nyuma, bila damu.

Ofisi ikamwandikia kwamba ombi limepokelewa. Nakala ya barua ikatobolewa. Akaandika kuuliza limefikia wapi, ikatobolewa. Ofisi ikajibu kwamba suala lake linashughulikiwa, ikatobolewa. Akaandika kulalamikia matundu, na hiyo nayo ikatobolewa. Kila karatasi ilitua juu kidogo ya iliyotangulia, na sasa matundu yalikuwa yamepanda mbavuni kama ngazi. Upepo ukivuma alipiga mluzi asiotaka. Na nguo yoyote aliyoivaa ilitoboka papo hapo, katika mwaka ambao kanga moja iligombewa na mtaa mzima. Hilo la kanga ndilo lililomchoma zaidi.

Masjala ya Kibaha ilikuwa chumba chenye dirisha moja na rafu zilizojaa majalada hadi darini. Karani aliitwa Eugenia, binti mrefu, mwenye usingizi machoni. Alimwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuja unitoboe tena?"

"Bibi, leo usinigombeze, nina habari njema. Kibali chako kimetoka." Akafungua droo, akakitoa. Kilikuwa na sahihi na mhuri wa buluu. Sikuzani akapiga kigelegele, akanyamazishwa na ofisi ya jirani.

"Nipe," alisema Mwanahalima.

"Nakupa. Kwanza nakala iingie kwenye jalada, ipewe namba. Bila hivyo hiki hakina nguvu."

Eugenia alikuwa ameshaivuta panchi, kile kidude cha chuma cha kutobolea karatasi, aliposimama mwenyewe. Akazunguka meza. Akaweka kidole kwenye tundu la juu kabisa la yule bibi, akapima kwenda juu, kidole chake kikakutana na mapigo ya moyo.

"Hii inayofuata ni hapa," alisema.

"Ndiyo hapo. Ulidhani nimepanda lori nije kutazama kofia za watu Kibaha?"

Eugenia akairudisha panchi kwenye droo. Hakujua la kufanya, na kwa kawaida alipokosa la kufanya alikunywa maji. Akanywa. Kisha akasema yupo fundi huko Mkuza, anaitwa Evodius, mtu wa Bukoba, anayewasumbua kila mwezi na faili lake la chuma lisilotoboa. Wamemfukuza hadi wamechoka.

"Mtu wa kufukuzwafukuzwa," alisema Mwanahalima. "Huyo ndugu yangu. Twende."

Evodius alikuwa mfupi, mwenye maneno, na aliamini kwamba nchi nzima ilikuwa inasubiri faili lake. Karakana yake ilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, na mkewe Margareth aliwapa wageni chai isiyo na sukari akaomba radhi kwa niaba ya taifa. Fundi hakuuliza habari za matundu. Aliyaangalia, akayapima kwa rula, akasema hivyo ndivyo inavyokuwa ukiwaachia watu kutoboa.

Lile faili lilikuwa na makava mawili ya mbao nyembamba, na mgongo wa bati la debe la mafuta. Ndani ya mgongo kulikuwa na ufito wa chuma uliobana karatasi kwa ukingo, ukivutwa na springi ya kiti cha Landrover. Breki ya baiskeli ilikuwa nje. Ukiibonyeza, taya linafunguka, unaweka karatasi yako au unatoa uitakayo, hata ikiwa ya katikati, nyingine zisitikisike. Ukiiachia, linauma.

"Hakuna tundu," alisema Evodius. "Hakuna kamba, wala kulamba kidole. Waziri mwenyewe—"

"Geuza," alisema Mwanahalima.

Akalipindua juu chini. Karatasi za pembeni zikabaki. Za katikati zikamwagika sakafuni, kuku akazikanyaga.

"Fundi, taya lako linang'ata kama kibogoyo."

"Hilo ni jambo dogo."

"Moyo wangu ndio jambo dogo?"

Evodius akanuna. Akamwambia mkewe awatayarishie wageni mahali pa kulala, akaingia kibandani akafunga mlango. Margareth akawaambia ndivyo alivyo, akitukanwa vizuri ndipo anafanya kazi. Kwa hiyo Mwanahalima akavuta kigoda mpaka mlangoni akaendelea kumtukana. Alimwambia ameona mitego ya panya yenye akili kuliko hiyo. Alimuuliza kama kwao Bukoba ndizi nazo hushikwa kwa springi. Ndani nyundo iligonga kwa hasira. Ufito ulikuwa unabana miishoni tu na katikati umeinuka. Evodius akaupinda kwa ndani, ukawa na kitumbo kidogo, ili katikati ianze kuuma kabla ya miisho. Akaupaka gundi, akaufunika kwa mpira wa tyubu.

Alipotoka alilijaza faili karatasi, akaweka na jani la mgomba katikati kwa jeuri, akalipindua, akalipiga teke. Halikuangusha kitu.

"Sasa tukana," alisema.

Mwanahalima akalichukua, akalitikisa masikioni. "Limekubali," alisema, na akaongeza kwamba rangi yake ni mbaya.

Wakarudi masjala wote, Evodius kavaa koti. Eugenia akabonyeza breki, akaweka nakala ya kibali ndani, akaachia. Wakamtazama yule bibi. Hakukuwa na kitu. Gauni lilikuwa zima kifuani. Sikuzani akaweka sikio mgongoni kwa mama mkwe wake, akasema moyo uko palepale na una kelele.

"Basi nipeni changu," alisema Mwanahalima. "Lori linaondoka adhuhuri."

Hapo ndipo alipoingia Ndugu Bernard, mkuu wa masjala. Alikuwa mtu mpole, mtumishi wa siku nyingi, aliyehamishwa vituo vingi, na jalada lake binafsi lilikuwa nene kuliko mito ya wagonjwa. Kupitia mfuko wa kushoto wa shati lake ilionekana kalenda ya ukutani. Kalamu alishika mkononi, maana mfukoni ilikuwa haikai. Akasikiliza yote bila kukunja uso.

"Kifaa kizuri," alisema. "Kimo kwenye orodha ya vifaa vya ofisi?"

"Hakimo," alisema Eugenia.

"Basi karatasi iliyomo humo haimo ofisini. Ikiwa haimo ofisini, kibali hakijatolewa. Fundi, andika ombi, kifaa chako kifikiriwe."

Evodius alikuwa ameliandika miaka mingi kabla, pamoja na mchoro wa rangi tatu. Alitembea nalo ndani ya koti. Akalitoa kwa mikono miwili. Ndugu Bernard akalisoma lote, akasifu mchoro, akafungua droo ya Eugenia, akatoa panchi, akalitoboa. Evodius akashika nyonga. Akachungulia ndani ya suruali, akainua uso umejaa furaha.

"Bibi, umeona? Nimepokelewa!"

"Umepokelewa, mpumbavu wewe," alisema Mwanahalima. "Na mimi je?"

"Wewe bibi una njia mbili," alisema Ndugu Bernard. "Usubiri faili hili likubaliwe. Litapita kamati, litapita ununuzi, litaandikiwa Dar es Salaam. Au tufuate utaratibu sasa hivi."

"Utaratibu utapita hapa," alisema Eugenia, akiwa amesimama kati yao. "Ndugu mkuu, ni moyo huu. Mpime mwenyewe."

"Hata mimi nilitobolewa hapo. Ilikuwa barua ya uhamisho, nikiwa Lindi. Hakuna ubaya wowote. Unapumzika."

Sikuzani akamshika mama mkwe wake mkono. "Mama, twende zetu. Tutaendelea kwenda mchana. Tumezoea."

"Nani kazoea?" Mwanahalima akauvuta mkono wake. "Wewe umezoea! Mimi kila jioni natolewa kwangu kama mwizi wa kuku, tena na vitoto nilivyovikata vitovu. Nimepanda ile mikorosho kwa mkono huu. Nimewaandikia mpaka nimekuwa chujio. Huyu anasema subiri, yule anasema pokelewa, huyu fundi anachekea kiuno chake! Nimechoka na nyie! Nimechoka na hilo dirisha, nimechoka na huo mhuri! Toboa! Toboa, nipe karatasi yangu, niondoke, na nikifika kwangu nitakaa mlangoni niwatukane mpaka—"

Ndugu Bernard alikuwa ameshabonyeza breki. Karatasi ikatoka laini, bila kukunjamana. Kwa kweli lilikuwa faili zuri. Akaiingiza kwenye panchi, akasukuma kwa kiganja.

Mwanahalima hakuimaliza sentensi. Alisimama, mkono wake ukiwa bado juu, kisha akaushusha. Kwenye gauni lake, upande wa kushoto, kulikuwa na miviringo miwili safi, na ndani yake rafu.

"Ahsante, baba," alisema.

Ndugu Bernard akaandika namba, akampa kibali. "Hongera bibi. Sasa rudi kwako."

Mwanahalima akakipokea kwa adabu. Akakitazama mbele na nyuma. "Kwangu wapi?" aliuliza.

Sikuzani akamwambia: kule ndani, kwenye mikorosho, kwenye kaburi la baba Mwishehe.

"Aa," alisema Mwanahalima. "Pazuri pale. Lakini hata barabarani pazuri."

Lori liliwaacha jioni. Isihaka alikuwa anamsubiri kwa matusi aliyokuwa ameyatayarisha tangu alipoondoka, akayatoa yote, na Mwanahalima akamjibu kwamba ana haki. Isihaka akaenda nyumbani kwake.

Mwanahalima hakuhama. Alihudhuria mikutano yote akanyoosha mkono kwa kila hoja, hata zilizopingana, na wageni kutoka wilayani walimtaja kama mwanakijiji wa mfano. Mbuzi wa mwenyekiti alikula kisamvu chake akashiba. Baada ya miaka miwili hivi watu walianza kurudi mashambani wenyewe, familia moja moja, bila kibali, na mgambo hawakuuliza kitu kwa sababu nao walikuwa wanarudi kwao. Isihaka alikuwa wa kwanza. Sikuzani na mumewe walijenga penye mikorosho ile, wakamletea bibi korosho za kuchoma kila msimu. Alizila. Aliuliza kwa upole ni za nani.

Evodius aliendelea kuandika. Matundu yake yamefika kifuani na bado ana matumaini. Faili lenyewe lilirudishwa Mkuza, na Margareth analitumia kubania pazia. Eugenia aliitupa panchi chooni siku ileile. Wiki iliyofuata zililetwa mbili. Akaomba kuacha kazi, ombi likapokelewa, sasa anauza vitumbua na hubana mkono wa kushoto kiunoni mafuta yasimrukie ndani ya matundu. Ndugu Bernard alipandishwa cheo.

Mwanahalima alifariki mwaka wa themanini na nne, usingizini. Alipoulizwa azikwe wapi, alikuwa amesema popote. Akazikwa popote, kando ya barabara. Cheti cha kifo kilipofika Kibaha, kaburi lilipata matundu mawili upande wa kushoto. Sikuzani akayafukia.

Mwaka uliofuata ofisi ilimwandikia marehemu kuuliza kama kile kibali kilitumika. Sikuzani hakujibu. Nakala ya barua ilitunzwa kwenye jalada, na asubuhi yake kaburini kulikuwa na mengine mawili, juu kidogo.