Kibaraza cha Saa Sita

Miaka kumi na mmoja Mama Miguu aliwatembeza wageni juu ya magenge ya chokaa, na hakuwahi hata siku moja kuyaona kutoka baharini. Mumewe, mwenye boti ya kuwazungusha watu mapangoni, alimbembeleza mpaka akachoka. Yeye na maji, mbalimbali.

Leo alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Mdogo wake akachukua msafara, na yeye akapakiwa kwenye boti kama gunia, kalikumbatia boya, analalamika njia nzima.

"Legeza mikono, mke wangu. Hilo boya halitoroki."

Akacheka bila kutaka. Kusema kweli palipendeza: maji maangavu, jiwe jeupe limetobokatoboka kama mkate ulioingiliwa na panya. Wakazunguka pembe, akakiona Kibaraza, lile jabali tambarare alipowapumzisha wageni ili wale chakula kila saa sita, akiwaapia kuwa ni imara kuliko nyumba zao.

Chini yake hapakuwa na kitu. Bahari ilikuwa imekula yote. Juu ulibaki ubao mwembamba wa jiwe, na ufa umepita palepale anapotandika mkeka. Na juu ya mkeka walikuwa mdogo wake na wageni tisa, wanafungua vyakula.

Akaishika filimbi shingoni, karibu apulize mlio mrefu, akajizuia: mrefu ni wa kukusanyika kupiga picha. Akapuliza mifupi miwili, msafara uendelee. Akarudia. Mdogo wake akachungulia, akapunga mkono, akawainua wageni wakinung'unika, mikate mdomoni. Mama Miguu akawahesabu hadi wa kumi, ndipo akapumua.

"Ulijua?" akamgeukia mumewe.

"Nilikwambia, tena si mara moja. Ukasema nakuonea wivu wageni wako."

Kweli alisema. Sikio la kufa halisikii dawa. Tena kila adhuhuri alikuwa akiwaonyesha wageni boti iliyozimwa injini pale chini: yule ndiye mume wangu, mvivu, anaota jua saa za kazi. Sasa akatazama miguuni pake. Palikuwa na maboya manne, kamba iliyokunjwa vizuri, na blanketi.

"Kumbe hapa ndipo ulipokuwa unaota jua."

"Kila siku. Nakungoja udondoke."

Mama Miguu akalia, mtu mzima, mbele ya bahari yote. Kisha akajifuta.

"Kesho njia itapita nyuma, mbali na ukingo. Na wewe saa sita utafute kazi."